Mtungi wa Kijani Niliompa Shangazi Yangu

Nimekosa, na sina njia ya kulizunguka hilo neno. Mimi ndiye niliyemharibia shangazi yangu mikono, nikanyamaza, na mtu mwingine akabebeshwa lawama yangu mwaka mzima. Nisomeni mpaka mwisho, kisha nilaanini mkitaka. Mwenyewe nimeshajilaani vya kutosha.

Jina langu sitalitaja. Mji wa Kale hapa Mombasa ni mdogo, ukipiga chafya huku mtu akuombea afya kule.

Mimi ni mfinyanzi. Nina chumba cha chini kwenye kichochoro, ndani mna gurudumu la kufinyangia na tanuri la umeme. Nikisema kweli mkono wangu si mwepesi. Vyombo vyangu ni vizito, vingine vimepinda. Watu hawaji kwa umbo, waja kwa glezi, ile rangi ya kung'aa inayopakwa juu ya udongo ikachomwa mpaka ikawa ngumu kama kioo. Hapo, wallahi, najiweza! Nina ya buluu, nina ya maziwa, na nilikuwa na ya kijani. Hiyo ya kijani ndiyo iliyonipa jina.

Miaka na miaka kijani changu kilikuwa chatoka kimefifia, rangi ya mchicha uliochemka. Nimelia na kijani hicho! Mwishowe nikakitia unga wa risasi, madini yale yale wavuvi wanayofungia nyavu zizame. Siku nilipofungua tanuri nilipiga kigelegele peke yangu. Kilikuwa kijani cha kasuku, chang'aa hata kivulini.

Lakini mwalimu aliyenifunza kazi hii alikuwa na sharti lake. Chombo chochote cha kulia au kunywea, kabla hakijamfikia mtu, kitiwe maji ya ndimu kilale nayo. Asubuhi mwaga, kaushe, tazama. Glezi ikiwa imepauka, basi ndimu imeila, na mwenye kulia chombo hicho ataila glezi yenyewe.

"Glezi ya risasi ni ya kutazamwa," alikuwa akiniambia. "Hata maji usinywee."

Nilikipima kijani changu. Kilipauka ndani, kikafanya ukungu mweupe. Niliona kwa macho yangu mawili, kwa hiyo asitokee mtu wa kunitetea ati sikujua. Nikaamua kitakuwa cha vyombo vya maua na sahani za kutundika ukutani, basi. Mpaka hapo nilikuwa sijamkosea mtu.

Sasa shangazi. Nitamwita Bi. Salma, ingawa si jina lake. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanitetea watu waliponicheka ati mtoto wa kike achezea matope. Akaa Makadara. Kazi yake ilikuwa kuchora piko, ile rangi nyeusi wanayopambwa nayo maharusi mikono na miguu. Maua yake yalikuwa membamba, kila jani na mshipa wake. Kuna mabibi harusi waliosogeza siku ya harusi kwa kumngojea yeye.

Ilikuwa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Nilikuwa na wageni kazini, mabibi watatu kutoka Nyali, wamekaa wanisifia kijani changu, nami kichwa kimevimba. Shangazi akaingia, akatoa salamu, akaona mtungi mdogo wa kijani wenye kifuniko, wa pambo, juu ya rafu.

"Huu wangu," akasema, akaupakata. "Nimechoka na makopo ya plastiki. Nitautia achari yangu ya ndimu."

Achari ya ndimu! Chumvi, pilipili na ndimu, vikae humo miezi!

Neno la kusema lilikuwa fupi. Shangazi, huo si wa chakula. Tu! Lakini wale mabibi walikuwa wananitazama. Nikaona nikisema kijani changu chadhuru, wataondoka nalo neno hilo, na kabla ya magharibi litakuwa limeshapita maduka yote ya Biashara Street. Nikalionea jina langu huruma kuliko shangazi yangu.

"Chukua, shangazi," nikasema. "Ni wako." Moyoni nikajiambia nitamweleza kando, tukiwa wawili.

Akaniombea dua mbele ya watu. "Mungu akutilie heri mikononi mwako, mwanangu." Nami nikaitikia amin.

Mwajua nilimweleza lini? Sikumweleza. Ijumaa ya kwanza nilikwenda kula kwake, nikaukuta mtungi mezani, umejaa mpaka shingoni. Nikasema leo amefurahi, nisimvunje moyo. Ijumaa ya pili palikuwa na watu. Ya tatu nikaona haya, maana ataniuliza, mbona hukusema siku ile? Na kila wiki iliyopita ilizidisha ugumu wa kusema.

Na mimi mwenyewe nilikuwa siigusi achari ile! Akinisogezea, nasema nina vidonda vya tumbo. Astaghfirullah! Nafsi yangu nilijua kuikinga, na yeye namtazama akila kila siku, kwa wali, kwa bajia, kwa muhogo.

Siku moja alilamba kidole akaniambia, "Ajabu, achari ya safari hii ina utamu kwa mbali. Na sukari sikutia." Akacheka. "Ni huu mtungi wako, una baraka."

Risasi ikiliwa na ndimu hufanya utamu. Hilo pia mwalimu alikuwa amenifunza. Nikacheka naye.

Maulidi ilipofika, shangazi alikuwa ameanza kuumwa. Tumbo lamsokota mpaka ajikunja. Uso umempauka, chakula hakimwingii ila kwa achari. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo, hazikufaa. Akasomewa, akanywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Majirani wakasema kijicho hicho, Bi. Salma amesifiwa mno. Mimi nikampikia uji na kumkanda mgongo, nikajiona mtoto mwema! Nilikuwa najidanganya kuwa ni maradhi ya umri.

Kisha ikaja mikono. Tulikuwa nyumbani kwa watu, bibi harusi amenyoosha mkono juu ya mto, mimi nimeshika kibakuli cha piko. Ghafla kiganja cha shangazi kikalegea kwenye kifundo, kikaning'inia. Mstari mweusi ukampita yule msichana kutoka kiwikoni mpaka kidoleni. Shangazi akaukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauinua, ukaanguka tena.

"Mwanangu," akaniambia polepole, "mkono wangu haunisikii."

Kesho yake nilikwenda kwake, nikangoja aingie kuoga, nikauvunja mtungi kwa makusudi. Nikamsingizia paka. Jamani, alilia! Alilia kwa ajili ya kazi ya mikono yangu, na mimi ndiye niliyembembeleza nikamwahidi mwingine.

Nikampeleka hospitali. Damu ikachukuliwa, na majibu yaliporudi daktari akasema ana risasi mwilini.

"Mimi nimepigwa risasi lini?" shangazi akauliza kwa hamaki.

Daktari akamfahamisha ni madini, kisha akaanza kuuliza. Nyumba imepakwa rangi karibuni? Kuna betri mbovu zimewekwa ndani? Na vyombo vya kulia, ni vya aina gani?

"Vyombo ni sufuria na sahani, kama watu wote," akajibu. Mtungi ulikuwa umeshavunjika, umeshamtoka akilini. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, mkoba mapajani, nasikia kila neno, na ulimi nimeubana kwa meno.

Daktari akamtazama usoni. "Na huo wanja, mama?"

Shangazi hatoki nyumbani bila wanja wa manga. Na aliyekuwa akimletea ni Bi. Khadija, shoga yake tangu wakiwa chuoni wanasoma msahafu, naye pia ni mchora piko. Daktari akasema wanja mwingine huwa na risasi, basi auache kabisa.

Nikashusha pumzi. Ndiyo, nikashusha pumzi! Hilo ndilo linaloniua.

Nikamrudisha shangazi kwake. Akakaa kitandani na buibui lake. "Kumbe Khadija," akasema. "Kazi zilimpungua, zangu zikazidi. Kumbe aliniletea mauti kwenye kijikopo, nami napaka nacheka."

"Mwachie Mungu, shangazi," nikamwambia. Hebu niangalieni! Mimi huyu, ndiye wa kumwambia mtu amwachie Mungu!

Bi. Khadija alikuja akabisha hodi siku tatu mfululizo, hakufunguliwa. Maneno yakaenea kuwa wanja wake una sumu, na mwenye wanja wa sumu piko yake nani atajipaka? Maharusi wakamkimbia. Siku moja nilikutana naye Feri, katikati ya watu wanaoshuka kutoka Likoni. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Mwambie Salma, wanja ule ule nami napaka. Nitazame macho yangu. Mwambie, mwanangu, wewe atakusikia."

Nikamwambia nitamfikishia. Sikumfikishia.

Mwaka ukapita hivyo. Dawa zikamtuliza tumbo, rangi yake ikarudi. Mikono haikurudi sawasawa. Kijiko aweza kushika. Kuchora piko, basi tena.

Kilichonifungua mdomo ni dua. Nilimkuta juu ya mswala baada ya alasiri. Viganja vilimshinda kuinua, ameviegemeza magotini, machozi yamtoka. Akasema, "Ya Rabbi, aliyenifanyia haya mfunue. Na kama ni Khadija, nipe moyo wa kumsamehe, maana nampenda na sijui la kufanya."

Nikaanguka pale pale kwenye jamvi, nikamwambia yote. Risasi, mtungi, wale mabibi, paka.

Kisha akaniuliza, "Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Na siku ya daktari, ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

"Na achari hukuwa ukiila." Hakuniuliza hilo. Alilisema tu.

Nikataka kumbusu miguu, akaivuta. "Mikono ni yangu, nami nimekusamehe. Lakini ya Khadija si yangu kuyasamehe. Nivike buibui, twende."

Tulikwenda kwa miguu. Mlangoni akaniambia nigonge mimi, maana yeye hawezi, na nisiingie. Niseme nikiwa nje, kwa sauti, kama walivyoambiwa majirani uongo kwa sauti. Nikasema. Nilisimama barazani nikasema kila kitu, madirisha yafunguka moja moja juu yangu, wanawake wachungulia, na wengine nilisikia wakinitukana.

Bi. Khadija akafungua. Hata hakunitazama. Alimtazama shangazi, kisha akavichukua vile viganja vilivyolegea, akavipachika kwenye mashavu yake mwenyewe.

"Nisamehe, Khadija," shangazi akasema. "Nilikufungia mlango."

"Ingia ndani, Salma. Ingia, mwenzangu."

Nami nikainua mguu niwafuate.

"Wewe," Bi. Khadija akasema, "baki hapo hapo."

Mlango ukafungwa. Nikakaa barazani nikiwasikia wanalia, kisha wanazungumza, kisha nikasikia vikombe. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi. Hakuna aliyetoka kuniita.

Sasa shangazi amehamia kwa Bi. Khadija. Mwenzake humlisha akichoka, humfunga leso. Nikipita hunijibu salamu yangu, wote wawili, vizuri kabisa, lakini mlango haufunguki zaidi ya hapo ulipo. Shangazi alinisamehe kweli, lakini hataki kula kitu kilichopita mikononi mwangu. Nilimpelekea mkate wa kumimina wakati wa Ramadhani, nikasikia amewapa paka. Sina haki ya kulalamika.

Chumba changu nimekifunga. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza walionunua kijani changu, hata wale mabibi watatu wa Nyali. Mmoja wao alikuwa atilia sahani yake ya ukutani matunda ya wageni. Sikuwahi kumwambia asifanye hivyo. Aliivunja mbele yangu, na haki yake.

Enyi wafinyanzi, ndimu haisemi uongo. Chombo kikishindwa mtihani wake kivunje siku hiyo hiyo, usikiweke rafuni kwa uzuri wake. Na wewe msomaji mwenye neno la kumwokoa mtu, usilingojee faragha. Liseme mbele ya wageni, uaibike, yaishe. Mimi niliogopa aibu ya mabibi watatu, nikaishia kusimama nikipiga kelele mtaani kwa makosa makubwa zaidi, na yule niliyekuwa na neno lake hawezi tena kujifunga leso.

Na nyote mlio na mama nyumbani, nendeni jikoni mkaangalie achari yake iko ndani ya nini. Nendeni leo.