Ugomvi wa Wenye Cherehani

Fundi wa barazani pa duka la Mhindi, pale Kitale, hakanyagi cherehani kabla ya kupangusa kwa kidole gumba majina mawili ya dhahabu yaliyo ubavuni mwake. Ni ya Wazungu wawili wa zamani walioiunda kwa ubia, na nguo ikichelewa, lawama ni zao. "Wamegombana tena, mama," humwambia mteja kwa sauti ya msibani. "Huyu akivuta uzi, mwenzake anakataa." Jumamosi Nanyama alirudi kuulizia gauni lake. Akausikiliza ugomvi mpaka mwisho, kisha akautazama mfuko mpya wa maua kwenye shati la fundi.

"Na huyu mshirika wa tatu, mbona amevaa kitambaa changu?"

Fundi aliufunika mfuko kwa kiganja, na palepale wale Wazungu wawili wakapatana: cherehani ikaanza kukimbia.