Sakafu Iliyomhamisha Bibi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si ya harusi wala ya msiba. Ni siku bibi yangu alipokunja mkeka wake, akachukua kigoda na ungo wake wa karanga, akahamia jiko la nje. Hakugomba. Alinipita nikiwa nimepiga magoti nasugua sakafu, akasema, "Endelea tu, mjukuu wangu, nisije nikakuchafulia," akashuka ngazi taratibu.

Nakusimulia haya kwa sababu Jumapili nilikuona ulivyomfokea mdogo wako kwa tone la chai juu ya vigae vyako vipya. Ile sauti niliijua. Ilikuwa yangu.

Nyumba yetu ilikuwa Magomeni, hapahapa Kilosa. Ilijengwa zamani kwa ajili ya msimamizi wa shamba la mkonge, ikainuliwa juu ya nguzo za matofali ili mto Mkondoa ukifurika maji yapite chini. Sakafu yake yote ilikuwa ya mbao. Shamba lilipofungwa, baba yangu, aliyekuwa fundi wa mashine pale, alipewa nyumba hiyo badala ya kiinua mgongo, tukahama kutoka kambi ya wafanyakazi. Watu walisema tumeukata. Mimi nilichokiona ni mbao tu. Zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za watu wa kabla yetu, zina makovu ya miguu ya vitanda, zinalia ukikanyaga karibu na dirisha, na kati ya ubao na ubao kuna upenyo wa kupitisha punje ya karanga.

Na karanga zilipita kweli. Bibi alikuja Kilosa na babu kutoka Songea kukata mkonge, na wenzake wengi aliwapata kambini. Kila alasiri walikaa sebuleni kwetu wakibangua karanga au kuchambua mchele, na kilichodondoka kilipenya hadi uvunguni walikolala kuku. Mama Hidaya, jirani yetu, akisogea dirishani kutafuta upepo, ungewasikia kuku nao wanasogea huko chini. Bibi alikuwa akicheka kwa hilo kila siku, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mimi sikucheka. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka niliyoyajua matupu utotoni yamejaa, na mitumba inakuja kwa marobota. Ndani ya robota moja nilikuta gazeti la picha la nchi za nje. Ukurasa mmoja ulionyesha chumba chenye sakafu ya mbao inayong'aa, haina mwanya wala kovu. Nikaukata, nikaubandika ukutani juu ya kitanda changu.

Lazima nikueleze nilikuwa binti wa namna gani. Shule niliishia darasa la saba. Kuanzia hapo kila nilichokijua nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo niliishi na hofu ya kubainika kwamba sijui. Nikishona, nilifumua. Nikiandika barua, niliichana kwa herufi moja iliyopinda. Wageni wakija nilitazama miguu yao kabla ya nyuso zao, nikiona wanavyoiona ile sakafu.

Basi kiangazi kimoja niliamua. Nilikuwa nimemwona seremala wa sokoni akiziba ufa wa kabati kwa vumbi la mbao na gundi. Sikumuuliza chochote, niliogopa aone sijui. Nikaenda kuokota vumbi langu, nikachanganya gundi, nikaziba kila mwanya sebuleni kwa kisu cha mezani. Nikapiga msasa hadi viganja vikachubuka. Nikapaka nta. Baba aliporudi alisimama mlangoni, akasema, "Eeh, sasa hapa tunapita juu au pembeni?" Nikadhani ananisifu.

Sasa sakafu ilikuwa nzuri, na mimi ndipo nilipoharibika. Karanga, zibanguliwe nje. Kigoda kisiburutwe. Mlangoni nikaweka beseni la maji na tambara, anayeingia anawe miguu kwanza.

Wa kwanza kukutana na beseni alikuwa Bi Sikujua, Mhehe, mmoja wa wale wenzake bibi wa kambini na mtani wake.

"We Mngoni!" aliita kutoka barazani. "Kwani hapa nimekuja kutembea au kuswali?"

"Nawa tu, mtani," bibi akajibu kutoka ndani. "Mjukuu wangu ameolewa na sakafu."

"Basi mahari yake ni sabuni! Mwambie bwana harusi atoke, nimsalimie."

Wakacheka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanawa. Lakini alipokaa nilikuwa nimesimama nyuma yake na tambara, na nadhani aliliona. Kesho yake hakuja. Mama Hidaya alikuja mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini, akaaga kabla ya chai. Wiki hiyo ikaisha sebule ikiwa kimya, inang'aa, na bibi peke yake katikati, mikono mapajani, haina cha kubangua. Hata kuku walihama uvunguni. Niliona nimeshinda.

Ndipo ikaja ile siku ya mkeka. Jiko letu la nje lilikuwa kibanda cha miti na udongo, sakafu ardhi tupu. Jioni ileile nilisikia sauti ya Bi Sikujua kule, kisha ya Mama Hidaya, kisha kicheko. Bibi alitandika hadi kitanda chake cha kamba humo. Baba alimbembeleza, mama alimbembeleza. Jibu lake lilikuwa moja: "Nitaingia wenzangu wakiingia."

Nilimwona ananikomoa. Nikaendelea kupaka nta.

Masika yakafika. Kwanza milango iligoma kufunga. Halafu alasiri moja, mvua ikiwa imeshika tangu asubuhi, nilisikia mlio sebuleni kama mtu amevunja kuni. Mbao zilikuwa zimevimba. Kwa kuwa nilikuwa nimeziba kila mahali pa kutanukia, zilisukumana mpaka zikainuka katikati ya chumba kama mgongo wa ng'ombe, na misumari imetoka nje. Nilipanda juu yake nikaruka, ati nizirudishe. Nikalia kwa hasira.

Baba akaingia ametota. Hakuitazama sakafu. "Mto umepanda," alisema. "Jiko ndilo litakaloingiwa kwanza. Bibi yako hataki kutoka, na wenzake wamo humo humo. Mimi ameshanikatalia. Nenda wewe."

Nilisimama pale, mwanangu, na nakiri mbele yako kwamba jambo la kwanza nililowaza lilikuwa matope. Mama yake baba yangu amekaa bondeni mwa mto, na mimi nahesabu nyayo.

Nilipita mlangoni, nikalichukua lile beseni, nikalimwaga, nikaliacha mvuani limepinduliwa. Jikoni walikuwa wamekaa watatu, wamezunguka moto, moshi umewajaa, bibi anakohoa. Maji yalikuwa yameshaanza kulowesha kizingiti. Nilipiga magoti palepale kwenye tope.

"Shikamooni. Naomba mje ndani."

"Na miguu hii?" akauliza Bi Sikujua, akiinua wayo wake mweusi.

"Na miguu hiyo, bibi."

"Na karanga?" akauliza bibi yangu.

"Na karanga."

 Bibi akanipa ungo niubebe, akanishika bega kuinuka. Sebuleni alisimama mbele ya ule mgongo wa mbao, akauchungulia. Nilingoja anicheke. Aliniambia tu, "Ubao nao unahitaji pa kuhemea, mjukuu wangu. Waliozipigilia mbao hizi hawakuwa wazembe. Lete visu."

Jioni yote tulikaa chini tukichokoa gundi yangu mwanya kwa mwanya, maji ya Mkondoa yakipita taratibu chini yetu, Bi Sikujua akisema hajawahi kualikwa talaka ya namna hii. Mbao hazikurudi sawasawa. Kovu langu lilibaki pale katikati, na bibi alilichagua kuwa mahali pake pa kukaa mpaka mwisho wa maisha yake. Maji yalipokauka, kuku walirudi.

Nasaha yangu ni hii. Safisha nyumba yako, itunze, sikukatazi. Lakini ukiona watu wamepungua mlangoni, usiulize wana nini, uliza umeweka nini pale mlangoni. Usilolijua, uliza kabla hujaliziba. Na ukitamani chumba cha kwenye picha, kitazame vizuri: kile changu hakikuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Kampigie mdogo wako simu leo, umwambie chai ipo.

Mungu akujalie nyumba imara, mwanangu, na akuletee watu wa kuikanyaga mpaka ilike.