Kura Huombwa

Mwaka niliokuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu siasa za Marekani mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, niliamua pia kuwania ukatibu wa chama chetu cha Watanzania wa Tottenham, jijini London. Mambo hayo mawili yalipaswa kukaa mbalimbali, kama maziwa na ndimu. Mimi niliyachanganya.

Sikutaka cheo. Katibu ndiye anayepanga matumizi ya ukumbi tunaoukodi, nami niliutaka Jumamosi asubuhi kwa darasa la Kiswahili la watoto wetu, wale ambao ukiwaagiza maji kwa Kiswahili hukuletea maji pamoja na jibu la Kiingereza. Mpinzani wangu, dada mwenye saluni ya nywele kule Thornton Heath, aliutaka muda huohuo kwa mazoezi ya kucheza ya wanaojiandaa na harusi. Nilitangaza mbele ya watu kwamba lugha sasa inapimwa kwenye mizani moja na kiuno. Aliyecheka ni yeye peke yake.

Maktabani nilikuwa nimesoma kwamba wagombea urais wa Marekani wa enzi zile walikaa nyumbani. Kuzunguka kujinadi kulihesabiwa utovu wa adabu. Cheo ndicho kilichopaswa kumtafuta mtu. Nilivutiwa mno. Hata neno letu, kugombea, lilianza kuniudhi, maana ndani yake nilisikia ugomvi. Nikaazimia kwamba sitagombea, nitapatikana.

Basi nikapatikana. Misibani na kwenye ubatizo nilisalimia na kunyamaza. Nilipoulizwa habari za uchaguzi nilitabasamu kwa namna niliyoiamini kuwa ya busara. Baadaye nilisikia kwamba baadhi walidhani naumwa jino, na waliobaki walisema naringa.

Mama mdogo, muuguzi niliyekuwa nikiishi kwake, alinivumilia hadi jioni moja tukimenya viazi.

“Mwanangu, yule dada amenipigia simu. Ameniomba kura. Wewe je?”

“Mama, mimi si naishi hapahapa?”

“Na chakula unakula hapahapa, lakini ukitaka chumvi unaomba.”

Nikamweleza habari ya cheo kumtafuta mtu. Akauliza kama hicho cheo kinaijua anwani yetu.

Siku ya mkutano mpinzani wangu alifika na masufuria ya pilau, akapita kiti kwa kiti. “Shikamoo mama, naomba kura yako. Kaka, usiniangushe, lakini kula kwanza.” Nilipoitwa kujieleza nilisema kwamba sifa zangu zinafahamika, nikaketi. Ukimya uliofuata niliuhesabu kuwa heshima.

Mwenyekiti akawataka wanaoniunga mkono wanyooshe mikono. Yangu ilitulia magotini, kwa kuwa muungwana hajichagui. Ya mama mdogo ilikuwa imeshika sahani. Hakuna aliyenyoosha. Ilipofika zamu ya mpinzani wangu, niliunyoosha wangu juu kuliko wote, kwa ajili ya adabu.

“Hata wewe, mama?” nilimnong’oneza.

“Hukuniomba. Kura huombwa, mwanangu. Ukinyamaza, ni kama unaniambia kwamba yangu ulishaichukua.”

Hapo ndipo nilipoikumbuka sura ya tatu ya tasnifu yangu mwenyewe. Humo nimeeleza, kwa tanbihi nyingi, jinsi waungwana wa kukaa nyumbani walivyokuja kushindwa na watu wa mikutano ya hadhara, maandamano na karamu za nyama. Sura ile ilisifiwa sana na msimamizi wangu.

Darasa, hata hivyo, bado nililitaka. Nikamfuata katibu mpya jikoni, nikaanza kumfafanulia nafasi ya lugha katika malezi ya kizazi kinachozaliwa ughaibuni.

“Mdogo wangu, unahutubia au unaomba?”

“Naomba, dada.”

“Unaomba nini?”

“Jumamosi asubuhi.”

Akakwangua ukoko kidogo, akifikiri. “Nimeuona mkono wako. Ulikuwa juu kuliko yote. Mimi watu wangu siwasahau. Chukua asubuhi, sisi tutacheza mchana.”

Sura ya nne inalaani desturi ya washindi wa enzi zile kuwagawia wafuasi wao nyadhifa kama ngawira. Niliiandika kwa uchungu wa kweli, na hadi leo naamini kila neno lililomo. Nilimshukuru dada, nikamwomba na funguo za ukumbi. Akanipa, pamoja na sufuria la kuosha.