Siku Mdogo Wangu Alipocheza Mbele ya Bendera

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka minane, na ndipo taabu ilipoingia kwetu. Haikuletwa na ugonjwa. Ililetwa na miguu ya mdogo wangu, ambaye hata miaka miwili hakuwa nayo.

Nimeyakumbuka Jumapili iliyopita. Fanfare ya arusi, bendi ya tarumbeta na ngoma, ilipita hapa mtaani Kikula, na mjukuu wangu, ambaye bado anatembea kwa kushika viti, akaachia kiti, akakunja magoti na kutikisa makalio. Wote wakacheka. Mimi, kabla ya kucheka, niligeuka kuona nani anatutazama. Unaona, rafiki yangu? Miaka yote hii, na shingo bado inageuka.

Jirani yangu mwalimu akaanza kueleza kwa nini watoto wadogo hawatulii wakisikia muziki. Akasema mambo ya ubongo. Shule yangu iliishia mwaka wa pili, lakini jambo hilo nalijua. Nililibeba mgongoni.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Nyumba ya matofali, bomba uani, posho ya unga kila mwezi. Sirene ya asubuhi, king'ora cha kampuni, ilimwita baba kiwandani. Ile ya alasiri iliwaita wamama wote uwanjani kufanya mazoezi ya nyimbo na michezo ya kusifu chama tawala. Si kwa kupenda: mama asipokwenda, baba ndiye aliyeulizwa. Mama alikwenda na mdogo wangu mgongoni, amefungwa kwa kitenge, shavu kwenye jasho lake. Ngoma ikipiga, mama anashuka, mtoto anashuka naye. Na nyumbani akitwanga sombe, majani ya muhogo, ni vilevile: mchi ukipanda, mtoto anapanda. Yule mtoto alicheza kabla ya kujua kukaa. Alicheza na mwili wa mama, kisha mwili wake ukakumbuka.

Lakini bendera ilikuwa na sheria yake. Ikianza kupanda, kila mtu asimame pale alipo, mikono chini, hata kama ana maji kichwani. Baba alikuwa amekwisha kukosa mara moja. Alichelewa kazini, akapita na baiskeli wakati bendera iko njiani kwenda juu. Mkubwa wa chama pale kambini, bwana mwenye filimbi shingoni, alimwambia mbele ya watu: "Mara ya pili, utatoka ku nyumba ya kampuni." Tangu siku hiyo baba alitoka nyumbani kabla ya sirene kulia.

Kisha ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa wa chama anakuja uwanjani kwetu. Asubuhi hiyo mama alinifunga mtoto mgongoni, akakaza fundo mpaka nikakohoa.

"Yaya, sikia," aliniambia, maana kwetu mkubwa wa mtoto huitwa Yaya. "Leo mutoto asishuke chini. Hata akilia."

"Na kama anakojoa?"

"Akukojolee! Utakauka."

Mama alikwenda kwenye mstari wa wachezaji. Baba alisimama na wanaume wa kiwanda, shati limepigwa pasi. Mimi nilikuwa mbele na watoto, kando ya bibi jirani aliyekuwa akituuzia karanga. Filimbi ikalia. Wote tukawa miti. Bendera ikaanza kupanda, na fanfare ikaanza kupiga, ngoma kubwa mbele.

Nikasikia magoti ya mtoto mbavuni. Moja. Mbili. Kisha mwili wote. Mimi nimesimama wima, lakini mgongo wangu unaruka, na kitenge kinaruka nao. Bwana wa filimbi akageuza macho, akayaweka kwangu.

"Simama muzuri," bibi jirani alinong'ona bila kufungua meno. "Weye uko unacheza na bendera?"

"Haiko miye, Nkambo," nilimjibu bibi. "Ni yeye."

Hapo nikafanya kosa langu. Nilidhani anaruka kwa sababu ya mgongo, na akikanyaga chini atatulia kama watu. Nikafungua fundo taratibu, nikamteremsha.

Akaenda moja kwa moja katikati, pale palipo wazi, chini ya bendera. Akakunja magoti. Akazungusha makalio, akainua kidole kimoja juu, kabisa kama mama alivyofanya kwenye mazoezi. Watu mia wamesimama, na mmoja tu anacheza, suruali hana. Hakuna aliyecheka. Mama kwenye mstari hakugeuka, lakini niliona machozi yanashuka kwenye uso usiotikisika.

Bendera ikafika juu, fanfare ikanyamaza. Mtoto akapiga makofi. Bwana wa filimbi akamshika mkono.

"Huyu ni mutoto ya nani?"

Bibi jirani akanivuta nyuma ya kitenge chake. Ndipo nikasikia viatu vya kazi vinakuja.

"Ni mutoto yangu, shefu," baba alisema. Akamnyanyua, akamfuta kamasi kwa shati lile la pasi.

Siku ya tatu, kazi na nyumba ya kampuni vimekwisha, tulipakia sufuria kwenye mkokoteni, tukashuka Kikula, kwenye chumba cha matofali mabichi. Baba akachoma makaa. Mimi nikaacha shule, nikauza samaki wa ziwa Tshangalele. Hakuna aliyenipiga, na hilo liliniumiza zaidi.

Lakini mtoto aliacha kucheza. Ngoma ikilia kwa jirani, alikaza magoti na kutazama uso wa baba. Miezi ilipita hivyo. Asubuhi moja mama alikuwa anatwanga, baba akaweka gunia la makaa chini, akasema, "Mama, ongeza." Mama akaongeza mapigo ya mchi. Na baba, ambaye hakuwahi kujua kucheza, akaanza kurukaruka uani kama mtu aliyekanyaga siafu. Mama akasema, "Baba, utavunja kinu!" Mdogo wangu akatazama sana. Kisha goti moja likalegea.

Leo sirene hazinililii tena, mistari ya wamama imekwisha, na baba yuko kaburini. Mdogo wangu hakumbuki kitu. Anasema ninatunga.

Mimi nina nyumba ya vyumba vitano, matofali ya kuchoma. Nina meza mbili za samaki sokoni. Nina friji, cherehani, baiskeli ya baba isiyo na matairi, na kinu cha mama. Na nyuma ya nyumba nina uwanja wa saruji, nimeumwaga mwenyewe, laini, ili mtu mwenye miguu midogo asijikwae akicheza.