Popi Alipobisha Mlango

Juzi hapa mjini Wote nilimwona mtu wa boda akimletea jirani yangu aliyevunjika mguu gunia la chakula cha mbwa, hadi mlangoni. Mimi, niliyerudi nyumbani na diploma ya mifugo na kujijengea nyumba ya mawe bila msaada wa mtu, nilicheka peke yangu, nikikumbuka utoto wangu.

Nilipougua surua utotoni, nyanya yangu, Susu, alinifungia ndani nisipigwe na upepo. Nyumba ilinuka moshi na mwarobaini. Wasiwasi wangu ulikuwa mbwa wangu, Popi: nani angemlisha? Nikaanza kusukuma muthokoi wangu wa mchana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kupitia mwanya wa chini ya mlango. Mara nikasikia: ko, ko, ko. Popi anabisha, anataka zaidi! Nikasukuma hadi sahani ikawa tupu, njaa ikiniuma.

Susu alipofungua, kuku walikuwa wamejaa mlangoni, wakidonoa: ko, ko, ko. Popi alikuwa amelala kando ya kinu, ameshiba, uji wa pumba ukimkaukia kwenye ndevu.

"Wageni wako ndio hawa?" Susu aliuliza. "Basi kesho utawapikia wewe."

Akanipakulia tena, akaketi mlangoni, leso yake ikiziba ule mwanya, mpaka nikamaliza.