Mlima wa Shukeni

Walipokuwa watoto, Abeli na dada yake Anastazia waliuita Shukeni mlima ulio mbele ya Gulwe, njiani kwenda kijijini kwao. Jina hilo lilitoka kwa baba yao, mzee Stanley. Kila walipofika chini yake alipunguza mwendo wa Starlet yake nyeupe, akageuza shingo nusu na kusema neno hilo moja. Watu wakashuka. Mama alishuka na kapu, watoto wakashuka na madumu, na mwaka mmoja hata jogoo alishushwa, kwa sababu Stanley aliamini kwamba hakuna kitu kisicho na uzito. Kisha yeye akapanda peke yake, gari likilia na kukohoa, akaenda kuwasubiri kileleni.

Sheria ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza kufika juu ndiye anayekaa mbele mpaka nyumbani. Mama akahamia nyuma bila kinyongo. Alikuwa amekwisha kumaliza kinyongo chake njiani, akipanda huku anamsema mumewe na kurusha mikono. Naye Stanley, akiwa amekaa kwenye jiwe pana kando ya gari, alimpokea kwa swali lilelile: "Umeshamaliza kunisema?"

"Nani kakwambia nakusema?" mama alijibu, na hakuna siku aliyoambiwa.

Siku hizi Abeli ana mvi na karakana ya kuchomelea mageti huko Nzuguni, ambako nyumba zinaota kuliko mtama. Starlet ni yake tangu baba yake alipozikwa kijijini. Mama yake, Evelina, anaishi naye, na tangu mazishi hajaliona kaburi. Magoti yamemwacha. Kuupanda Shukeni kwa miguu hawezi, na gari haliwezi kuupanda akiwa ndani.

"Tukodi gari kubwa, yaishe," alisema Anastazia, ambaye ni karani katika ofisi moja ya serikali mjini.

"Siendi kumsalimia mume wangu na gari la watu," mama akasema. "Ataniuliza letu liko wapi."

"Atakuuliza, mama?"

"Wewe hukumjua vizuri."

Basi Abeli akalipeleka gari Ipagala kwa Thomas, fundi aliyesoma naye darasa moja. Thomas alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akazima.

"Hii haijafa. Imechoka tu. Inakunywa oili kama wewe unavyokunywa chai ya bure."

"Ifungue uifanye upya."

"Nikiifanya upya itakuwa kijana, lakini kijana mfupi. Mlima wenu hautamwogopa. Nina injini ya Raum, gari lililogongwa nyuma. Ni ukoo mmoja na hii, inakaa kwenye vishikizo hivihivi, ila kifua chake ni kipana."

Abeli aliitazama injini ya baba yake, jinsi oili ya miaka ilivyoganda pembeni mwake. "Sauti itabadilika?"

"Itabadilika. Unataka kupanda au unataka kusikiliza?"

Wakaing'oa. Ilipokuwa ikining'inia kwenye mnyororo ilionekana ndogo mno, na Abeli akashangaa kwamba utoto wake wote ulivutwa na kitu kile. Injini kubwa ilihitaji rejeta pana zaidi ya kuipoza, nayo haikuingia mahali pa ile ya zamani, kwa hiyo alikata vyuma akachomelea kishikio kipya yeye mwenyewe. Gari lilipowaka lilinguruma taratibu, sauti ya mtu asiye na haraka. Halikukohoa. Abeli alifurahi, na hapohapo akaona kama amemfukuza mtu nyumbani.

Walisafiri Jumamosi. Mama alikaa mbele na kapu lake la mlenda mkavu, akiwarushia salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", wanawake waliouza vitunguu kando ya barabara. Baada ya Gulwe mlima ukaonekana. Chini ya mlima Abeli alipunguza mwendo ili aingize gia ndogo, na nyuma yake akasikia mlango unafunguka.

"Anastazia, unakwenda wapi?"

Dada yake alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Aliutazama kama si wake. "Sijui," akasema. "Umepunguza mwendo."

"Funga mlango. Leo hashuki mtu."

Gari likaanza kupanda. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili na kukanyaga sakafu kana kwamba anasaidia. Mshale wa joto ulisogea, ukasogea tena, na Abeli hakuona kitu kingine. Kona ya mwisho ilipopita, mshale ulikuwa umesimama chini ya alama nyekundu, na mbele yao hapakuwa na mlima tena.

"Tumefika?" mama akauliza.

"Tumefika."

"Mapema hivi?"

Abeli akasimamisha gari pale kwenye jiwe la baba yake. Wakamshusha mama, akaketi juu yake na kutazama walikotoka. Njia yote ilionekana, kona kwa kona, mpaka chini.

"Kumbe alikuwa ananiona," alisema. "Mikono yote hii niliyokuwa narusha. Nikadhani anapumzisha injini." Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akawageukia watoto wake wawili wenye mvi.

"Shukeni."

"Mama, tumeshapanda," alisema Anastazia.

"Nimeona. Teremkeni mpaka kwenye ule mgunga, halafu mpande. Nataka kutazama."

Anastazia alivua viatu vya ofisi. Walipokuwa wanarudi juu, wakihema, alimvuta kaka yake shati ili ampite, na Abeli akamsukumia vichakani. Abeli alifika wa kwanza. Mama aliwasubiri kwenye jiwe, ameshika kapu.

"Mmeshamaliza kunisema?"

"Hatukukusema, mama."

"Nimeona mikono."

Akaenda mwenyewe, polepole, akaketi kiti cha nyuma. Anastazia akanyoosha mkono apewe ufunguo aendeshe yeye, kwa maana sheria ni sheria. Abeli akakaa mbele, kapu la mlenda mapajani, akiisikiliza injini mpya ikiwapeleka kwa baba yake.