Mwanasayansi wa Kwenye Fulana Yangu

Aibu hii ya Jumamosi naiandika, labda itapungua nikichekwa na wengi. Nilikuwa nagombea ukatibu wa chama chetu cha ushirika cha korosho, hapa Chilangala. Siku ya mkutano nikavaa fulana ya mtumba niliyonunua Masasi, yenye picha ya yule mwanasayansi mzee wa nywele timutimu. Nilidhani itanipa usomi, maana darasa la saba lenyewe nilimaliza kwa kubahatisha.

Mpinzani wangu, Mama Zuhura, aliwahi kufundisha Kiingereza. Akitetea kuuza korosho kwa pamoja, alininyooshea kidole: "Hata huyo aliye kifuani mwa Baba Salumu alikuwa mjamaa."

Nikaruka. "Mama Zuhura, usimsingizie marehemu! Kazi yake ilikuwa nyota na mwanga. Ujamaa kaujulia wapi, Newala?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikalewa sifa. "Ikiwa kweli, nacheza ngoma ya sindimba peke yangu hapa hapa, na ukatibu chukua!"

Kwa haki, mama wa watu alinihurumia. "Futa kauli, baba."

"Sifuti! Lete ushahidi!"

"Umekuja nao mwenyewe. Hebu geuka."

Nikageuka. Mgongoni kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, mimi nikidhani ni jina la kiwanda. Akayatafsiri taratibu: mzee huyu aliutetea ujamaa hadharani, ila watu wamekumbuka nywele tu.

Kisha sauti ikatoka nyuma: "Nani ana kiberiti? Tupashe ngoma moto."